Namna ya Kumhudumia Mwanamke Mhamiaji wa Kilatini Ambaye Msongo na Kiwewe Vimemletea Ugonjwa wa Mwili

Wauguzi, wakalimani, wahudumu wa afya ya jamii na watunzaji wa wazee wanaozungumza Kiswahili wamekuwa wengi katika miji ya Marekani, na kazi yao huwakutanisha mara kwa mara na wanawake waliohamia huko kutoka Mexico, Guatemala, El Salvador, Honduras, Kolombia, Venezuela na Jamhuri ya Dominika, ambao huitwa Walatini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wahudumu hao. Unahusu hali moja inayojirudia katika kliniki za jamii: mwanamke anafika akilalamikia kichwa, mgongo, tumbo au moyo unaokwenda mbio, vipimo vinaonyesha kwamba sukari imepanda au shinikizo la damu liko juu, anapewa vidonge, anarudi baada ya miezi kadhaa hali ikiwa ileile, na katika muda wote huo hakuna aliyemuuliza analala vipi, watoto wake wako wapi, wala ni jambo gani lililomtoa kwao.

Msimamo wangu ni kwamba mahali pa kuanzia ni mwili. Mgonjwa ameleta maumivu ya mgongo, basi mgongo upimwe na utibiwe kwa uzito wote. Habari za kiwewe zifuate kwa hiari yake na kwa kiasi atakachotaka yeye, na hata asipotaka kabisa, bado yako mengi ya kumsaidia. Wahudumu wenye nia njema huugeuza mpangilio huu: wakishasikia kwamba mgonjwa alivuka mpaka kwa miguu, huanza kuchimba, naye huondoka asirudi tena.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapokabiliwa na hatari, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli. Moyo huongeza kasi, ini hutoa sukari kwenye damu, misuli hukaza, na kazi zinazoweza kusubiri, kama vile kusaga chakula, hupunguzwa. Utaratibu huo unafaa kwa hatari ya dakika chache. Ukiendelea kwa miezi na miaka, sukari ambayo haikutumika kukimbia hubaki kwenye damu, mafuta hujikusanya tumboni, mishipa ya damu hukakamaa, usingizi huvurugika, na kinga ya mwili huchochea uvimbe wa chinichini usioonekana kwa macho. Mwaka 1993 wanasayansi Bruce McEwen na Eliot Stellar waliueleza uchakavu huu kitaalamu, na tangu hapo watafiti wamezoea kuupima kwa kujumlisha shinikizo la damu, sukari, mafuta ya damu, mzingo wa kiuno na alama za uvimbe, kwa kuwa kipimo kimoja peke yake huweza kuonekana cha kawaida huku mwili mzima ukiwa umechoka.

Kiwewe huongeza tatizo la pili, nalo ni kwamba mwili hauamini kuwa hatari imepita. Mwanamke aliyeokoka hushtuka mlango ukigongwa, huamka usiku akiwa ametota jasho, hukwepa njia, harufu au sauti inayomrudisha kule, na wakati mwingine huhisi ganzi ya moyo hata mbele ya watoto wake. Utafiti mkubwa uliowafuatilia wauguzi wanawake wa Marekani kwa zaidi ya miaka 20 ulionyesha kwamba waliokuwa na dalili nyingi za kiwewe walipatwa na kisukari cha aina ya pili kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wale ambao hawakupatwa na kiwewe. Wauguzi hao kwa sehemu kubwa walikuwa Wazungu wenye ajira na bima, kwa hiyo kiwango chenyewe kisihamishwe kama kilivyo, lakini njia ambayo mwili huipitia ni ileile, na mwanamke asiye na bima huipitia bila kizuizi chochote.

Kuna jambo moja linalowachanganya wengi. Mwaka 1986 watafiti Kyriakos Markides na Jeannine Coreil walionyesha kwamba afya ya Walatini wa kusini-magharibi mwa Marekani, katika mambo kama vifo vya watoto wachanga na umri wa kuishi, ilikuwa karibu na ile ya Wazungu ingawa kipato chao kilikuwa cha chini sana. Wako wanaolitumia tokeo hilo kusema kwamba wanawake hawa ni wagumu na hawahitaji uangalizi. Wanasahau kwamba katika mambo mengi nafuu hiyo hupungua kadiri mtu anavyokaa Marekani, na kwamba kuishi muda mrefu si sawa na kuishi bila maradhi. Uchunguzi mkubwa wa afya ya Walatini ulioanza mwaka 2008 huko Bronx, Chicago, Miami na San Diego, ukiwa na washiriki zaidi ya 16,000, ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 10 ya wenye asili ya Amerika Kusini na takriban asilimia 18 ya wenye asili ya Mexico. Neno «Walatini» linaficha tofauti kubwa kama hizo, na mhudumu anayeandika neno hilo kwenye jalada bila kuandika nchi atokayo mgonjwa amepoteza taarifa muhimu.

Yajue mazingira yake bila kumhoji

Mambo mengi unayotaka kumuuliza unaweza kuyajua wewe mwenyewe kabla hajaingia. Vita vya Guatemala vilidumu kuanzia 1960 hadi 1996. Tume iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti mwaka 1999 ikikadiria watu zaidi ya 200,000 waliouawa au kupotezwa, na wengi mno kati ya waliotambuliwa walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Vita vya El Salvador vilikuwa kati ya 1980 na 1992. Kwa hiyo mwanamke Mmaya mwenye umri wa miaka 50 leo alikuwa mtoto wakati vijiji vikichomwa, hata kama hati zake zinasema alihamia juzi kwa ajili ya kazi. Binti wa Honduras au El Salvador mwenye miaka 25 hakuiona vita hiyo, lakini huenda amekulia kwenye mitaa iliyotawaliwa na magenge yaliyotoza ada kila duka, na aliyetoka Venezuela huenda aliondoka kwa sababu dawa za mama yake hazikupatikana popote.

Kisha iko safari. Katika mwaka 2023 peke yake watu zaidi ya 520,000 walipita msitu wa Darién ulio kati ya Kolombia na Panama, na madaktari waliopiga kambi upande wa Panama walieleza mara nyingi juu ya wanawake waliobakwa njiani. Wengine hupita Mexico wakiwa mikononi mwa wasafirishaji, wakidaiwa fedha ambazo jamaa wataendelea kuzilipa kwa miaka. Deni hilo nalo lina uzito wake mwilini, ingawa hakuna fomu ya kliniki inayouliza habari zake.

Sehemu ya tatu ndiyo ambayo wahudumu huisahau, kwa sababu tunapenda kuamini kwamba mabaya yote yalibaki nyuma. Mwanamke anasafisha vyumba vya hoteli, anakata nyama kiwandani kwenye baridi, anachuma matunda kwenye joto na viuatilifu, au analea watoto wa mwajiri ilhali wa kwake wamebaki na bibi yao. Sheria kuu za kazi za Marekani za 1935 na 1938 ziliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani na wa mashambani, na ingawa baadhi ya mapengo yamezibwa baadaye, kazi hizo bado zina ulinzi hafifu. Juu ya hayo kuna hofu ya kukamatwa. Tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji walivamia kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Postville, Iowa, wakakamata watu 389. Watafiti walipochunguza rekodi za watoto waliozaliwa katika jimbo zima la Iowa walikuta kwamba, baada ya uvamizi huo, uwezekano wa mama wa Kilatini kujifungua mtoto mwenye uzito pungufu uliongezeka kwa asilimia 24 ukilinganishwa na kipindi kama hicho cha mwaka uliotangulia. Ongezeko hilo liliwahusu hata akina mama wa Kilatini waliozaliwa Marekani, ambao hakuna mtu angewafukuza, na kwa akina mama Wazungu halikuonekana. Mimi sijui ushahidi mwingine unaoonyesha kwa uwazi kiasi hiki jinsi habari mbaya inavyoweza kushuka hadi tumboni.

Tahadhari ndogo: aliyetoka Puerto Rico si mhamiaji. Watu wa kisiwa hicho ni raia wa Marekani tangu 1917, na kumuuliza kuhusu vibali ni kumkosea heshima.

Kuandaa mapokezi, jina na mkalimani

Anza na jina. Wanawake wengi wa Kilatini wana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na karani asiyelijua hilo huandika moja leo na jingine kesho, hata mgonjwa mmoja akawa na majalada mawili, moja likiwa na majibu ya sukari na jingine likiwa na orodha ya dawa. Muulize jinsi jina lake lilivyoandikwa kwenye hati, kisha muulize anapenda kuitwa nani. Kwa mtu mzima tumia «señora» au «doña» pamoja na jina lake la kwanza, na umwite «usted», ambayo ni namna ya heshima ya kusema «wewe» kwa Kihispania. Aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini mama wa miaka 60 hafurahii kuitwa jina tupu na kijana aliyemwona kwa mara ya kwanza.

Usidhani kila atokaye Guatemala anazungumza Kihispania. Wengi huzungumza Kimam, Kik'iche' au Kiq'anjob'al, na kwa sababu lugha hizo zimedharauliwa kwao, watakubali kwa kichwa maswali ya Kihispania ambayo hawakuyaelewa. Uliza lugha aliyozungumza na mama yake utotoni. Jibu lake litakuongoza kwa mkalimani anayefaa, ambaye mara nyingi hupatikana kwa simu. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na ya sheria ya bima ya afya ya 2010, kutoa mkalimani bila malipo. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani isipokuwa kwa dharura ya uhai, na mume vilevile, kwa sababu huenda yeye ndiye tatizo. Na wewe msomaji uliyejifunza Kihispania kazini, salimia kwacho, tania kwacho, lakini usijadili kwacho habari za kujiua au kubakwa.

Mpange akae mahali anapoweza kuuona mlango. Mweleze kila hatua kabla hujamgusa, na umwambie waziwazi kwamba anaweza kusimamisha uchunguzi wakati wowote. Haya yanaonekana madogo, lakini kwa mtu aliyewahi kushikiliwa kwa nguvu ndiyo yanayoamua kama atarudi.

Vibali na kumbukumbu za kliniki

Kwa matibabu ya kawaida huna haja ya kujua hali ya uhamiaji ya mgonjwa. Usimuulize, na akikuambia usiiandike kwenye jalada. Kama unahitaji kueleza msongo wake, andika kwamba ana wasiwasi mkubwa kuhusu usalama wa familia. Maneno hayo yanamtosha daktari.

Usiahidi usalama usioweza kuutoa. Kwa miaka mingi hospitali, shule na makanisa yalihesabiwa kuwa maeneo ambayo maafisa wa uhamiaji huyaepuka, lakini maelekezo hayo yalifutwa Januari 2025, na katikati ya mwaka huohuo taarifa za watu walioandikishwa kwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, zilipelekwa idara ya usalama wa ndani, jambo lililofikishwa mahakamani. Mwambie mgonjwa yale ambayo kliniki yako inayafanya kweli: nani anaruhusiwa kupita mapokezi, nani anasoma jalada, na ni maswali gani ya fomu anaweza kuyaacha wazi. Akiuliza kuhusu sheria, mpeleke kwa wakili wa uhamiaji au shirika la msaada wa kisheria linaloaminika, na umwonye juu ya watu wanaojiita «notario», kwa maana katika nchi nyingi za Kilatini cheo hicho ni cha mwanasheria mkubwa, ilhali Marekani mthibitishaji wa saini hana ruhusa ya kutoa ushauri wa kisheria, na wengi wamelizwa fedha kwa jina hilo.

Kuhusu gharama, ajue mambo mawili, la kwanza likiwa halitegemei vibali. Sheria ya 1986 inazitaka idara za dharura za hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, kumpima kila anayefika na kumtuliza aliye katika hali ya hatari, awe na uwezo wa kulipa au asiwe nao. Vilevile vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali kuu hupanga malipo kulingana na kipato, wala havimrudishi mtu kwa kukosa fedha.

Namna ya kuuliza

Uliza kwanza kuhusu maumivu, na usikilize maneno anayoyatumia. Akisema ana «nervios», anazungumzia wasiwasi wa muda mrefu unaokaa kichwani, tumboni na mikononi. Akisema alipata «susto», anamaanisha kwamba ugonjwa ulianza na mshtuko mkubwa, pengine wa miaka iliyopita, na Wamexico wengi huamini kwamba kisukari chao kilianza hivyo. Wanawake wa visiwa vya Karibi hueleza «ataque de nervios», tukio la kulia, kutetemeka na kupiga kelele, mara nyingi baada ya habari mbaya ya familia. Kitabu rasmi cha Marekani cha uainishaji wa magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, kinazitambua hali hizi tatu. Usimsahihishe mgonjwa. Ukiambiwa kwamba sukari ilianza siku mwanawe alipotekwa, muulize hali ilikuwaje tangu siku hiyo, halafu umweleze kwamba kotisoli hupandisha sukari. Mtakuwa mnazungumza jambo moja kutoka pande mbili, naye atakubali kipimo na dawa kwa urahisi zaidi.

Usingizi ndio mlango mzuri kuliko yote. Swali la «unalala vipi?» halimdhalilishi mtu, halimwiti kichaa, na majibu yake hufichua mengi: anaamka saa tisa usiku, anaota anafukuzwa, analala na taa, analala kwa muda wa saa nne tu kwa kuwa ana kazi mbili. Fuatisha na hamu ya kula, nguvu za mchana, na nani anaishi naye. Swali la watoto liulizwe kwa upole na bila kudhani, kwa mfano: «Una watoto? Wako hapa au kwingine?» Mama aliyewaacha watoto hujilaumu tayari, na uso wa mshangao wa muuguzi humwongezea hukumu.

Baada ya hapo tumia madodoso yaliyokwisha kutafsiriwa kwa Kihispania. PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama zake hufika 27, na kuanzia 10 mgonjwa anahitaji tathmini ya sonona; swali la tisa linahusu kujiua na halipaswi kurukwa kwa aibu ya muulizaji. PC-PTSD-5, dodoso la kiwewe, ina maswali matano ya ndiyo au hapana kuhusu mwezi uliopita, na majibu matatu ya ndiyo yanatosha kumpeleka kwa uchunguzi zaidi. Yasome kwa sauti kama hasomi vizuri, pole pole, wala usimwachie karatasi kwenye ukumbi wa kusubiri ambako jirani yake anachungulia. Sifa ya dodoso la kiwewe ni kwamba linauliza athari na halihitaji simulizi. Akianza kusimulia mwenyewe, msikilize; akinyamaza, mshukuru kwa aliyoyasema na urudi kwenye mgongo wake. Mtaalamu wa saikolojia ndiye mwenye muda na mafunzo ya kuifungua simulizi hiyo na kuifunga salama, na miadi ya dakika 20 haina hata nusu ya nafasi hiyo.

Utakutana na wengi wanaosema kwamba lazima mwanamke avumilie. Kwetu pia tunawajua wanaokufa na tai shingoni, kwa hiyo usishangae wala usihubiri. Jambo linalofanya kazi ni kuuelekeza uvumilivu huo kwenye matibabu: mweleze kwamba watoto na wazazi wanaomtegemea watapata msaada wake kwa miaka mingi zaidi ikiwa shinikizo lake litashuka.

Kuupima mwili sawasawa

Shinikizo la damu lipimwe baada ya kuketi dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikiwa sakafuni, mkono ukiwa usawa wa moyo, bila mazungumzo. Mgonjwa mwenye hofu ya sare na milango inayofungwa anaweza kupanda sana kwa hofu tu, kwa hiyo rudia kipimo mwishoni mwa miadi, na ikiwezekana mpe mashine ya kupimia nyumbani kwa wiki moja kabla ya kuamua. Miongozo ya Marekani tangu 2017 huhesabu 130 kwa 80 kuwa mwanzo wa shinikizo la juu. Kwa sukari tumia kipimo cha wastani wa miezi mitatu: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni dalili ya awali, na kuanzia 6.5, kikithibitishwa, ni kisukari. Pima pia mafuta ya damu na kiuno.

Usiruhusu habari ya kiwewe ifunike ugonjwa mwingine. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa tezi ya shingo au upungufu wa damu, uchovu unaweza kuwa mimba, na maumivu ya kifua kwa mwanamke wa miaka 48 ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama dakika tano zilizopita alikuwa akilia. Maumivu ya bega na kifundo cha mkono kwa msafishaji wa hoteli yanatokana kwanza na magodoro anayoyainua.

Uchunguzi wa mlango wa kizazi unahitaji uangalifu wa pekee. Saratani ya mlango wa kizazi huwapata wanawake wa Kilatini nchini Marekani kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na aliyewahi kubakwa huuahirisha uchunguzi huo mwaka baada ya mwaka. Mei 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha njia ambayo mwanamke mwenyewe huchukua sampuli ya kupima kirusi cha HPV, kinachosababisha saratani hiyo, akiwa faragha kwenye kituo cha afya. Mweleze kuwapo kwa njia hiyo kabla hajakataa, si baada ya kukataa.

Dawa za nyumbani

Muulize bila kejeli anatumia nini. Chai ya kamomili au ya maua ya tila, kuombewa, au kufanyiwa tambiko la kusafishwa kwa yai na mganga anayemwamini havigongani na vidonge vya shinikizo, na kumkataza ni kumfundisha kuficha. Hatari ziko kwingine. Unga uitwao «greta» na ule uitwao «azarcón», ambao baadhi ya familia za Mexico huwapa watoto wenye tumbo lililokwama, ni madini ya risasi, na aliyeutumia apimwe damu. Mmea uitwao kwa Kihispania «hierba de San Juan» hugongana na dawa za sonona na hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango. Uliza pia kuhusu sindano na antibayotiki zinazouzwa bila cheti kwenye maduka ya mtaani.

Msaada unaomfaa

Mfundishe jambo moja tu siku ya kwanza, na liwe la mwili: kuvuta pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, na kuitoa taratibu akihesabu hadi sita, kwa dakika tano, mara mbili kwa siku. Kutoa pumzi kwa urefu huamsha mishipa ya fahamu inayopunguza mapigo ya moyo. Kwa anayepotelewa na wakati na kujiona yuko kule tena, mwelekeze aweke nyayo chini, ataje kwa sauti vitu anavyoviona chumbani, na aseme mahali alipo na tarehe ya leo. Wengine hupata hofu zaidi wakifumba macho, kwa hiyo yaachwe wazi.

Ushauri wa chakula na mazoezi uendane na maisha yake. Kumwambia mwanamke anayesimama kwa muda wa saa kumi kiwandani ajiunge na ukumbi wa mazoezi ni kupoteza maneno; kutembea na jirani baada ya chakula cha jioni kunawezekana, tena kunashusha sukari na kumtoa kwenye upweke. Tortila za mahindi, maharage na mboga za kwao ni chakula kizuri, na mara nyingi soda na chakula cha haraka cha Marekani ndivyo vya kupunguza. Akiwa mjamzito au ana mtoto chini ya miaka mitano, mweleze kuhusu mpango wa chakula wa WIC, ambao kwa kawaida hauulizi vibali.

Kwa kiwewe chenyewe kuna tiba ya mazungumzo yenye ushahidi, na dawa za sertralini na paroksetini zimeidhinishwa Marekani kwa ajili hiyo. Wengi hukataa rufaa kwa sababu neno «saikolojia» kwao ni la wendawazimu. Rufaa hukubaliwa zaidi mtaalamu akiwa katika jengo lilelile na ukimpeleka wewe mwenyewe mkasalimiana, kuliko ukimpa karatasi yenye namba. Zaidi ya wote watumie «promotoras», yaani wanawake wa jamii hiyohiyo waliofunzwa kutoa elimu ya afya, ambao hukutana na wenzao kwenye makanisa, vyumba vya kufulia nguo na majikoni. Mahali walipo, usianzishe mradi mpya bila wao.

Yasiyosubiri miadi

Akikiri kwamba anafikiria kujiua, usimwache peke yake, muulize kama ana mpango na njia, na umwite daktari. Nyumbani anaweza kupiga 988, huduma iliyoanza Julai 2022, akabonyeza 2 kwa Kihispania, au kutuma neno AYUDA kwa namba hiyohiyo.

Swali la kupigwa nyumbani liulizwe akiwa peke yake na mkalimani wa kitaalamu tu. Mume anayemtishia kwamba atamripoti uhamiaji anatumia silaha ya kawaida sana, na mke huenda hajui kwamba sheria ya 1994 inamruhusu mke anayeteswa na raia au mkaazi wa kudumu kujiombea hadhi bila mume huyo, wala kwamba tangu 2000 kuna viza ya U kwa waathirika wa uhalifu wanaoshirikiana na polisi. Viza hizo ni 10,000 tu kwa mwaka na foleni ni ndefu, kwa hiyo asiambiwe kwamba ni suluhisho la kesho. Usimpe kipeperushi ambacho mume atakikuta mkobani; mwandikie namba mahali ambapo yeye mwenyewe amependekeza.

Miadi ya pili

Kabla hajaondoka, mpangie siku ya kurudi ndani ya wiki mbili au tatu, kwa saa isiyomnyima ujira. Muulize kama ujumbe wa simu ni salama na nani mwingine huishika simu hiyo. Asipofika, usimwandike kuwa mkaidi. Mpigie, au umtume promotora, kwa sababu siku zenye uvumi wa msako, miadi ya wengi hukatika kwa pamoja, na vidonge vya shinikizo huisha nyumbani wakati watu wanaogopa kutoka. Kwa ajili ya siku hizo, muombe daktari aandike dawa za miezi mitatu badala ya mwezi mmoja, na kliniki iwe tayari kumhudumia kwa simu. Miadi ya pili ikifika, anza tena na mgongo: muulize kama maumivu yamepungua, kisha umuulize amelala vipi.